Kutoka "Nina" Hadi "Ni": Maoni Juu ya Lugha ya Chuki katika Tamthilia ya Adolescence

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Netflix ilitoa tamthilia ya televisheni yenye sehemu nne iitwayo Adolescence. Waandishi wake ni Jack Thorne na Stephen Graham, na mwongozaji ni Philip Barantini. Katika majuma mawili ya kwanza ilitazamwa zaidi ya mara milioni 66. Mnamo Septemba 2025 ilipata tuzo kadhaa za Emmy nchini Marekani, na Owen Cooper, aliyeigiza mhusika mkuu, akapata yake akiwa na umri wa miaka 15 tu.

Kisa kinatokea katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mvulana wa miaka 13, Jamie Miller, anakamatwa alfajiri kwa tuhuma za kumwua kwa kisu Katie Leonard, msichana anayesoma naye shule moja. Kabla sehemu ya kwanza haijamalizika, mtazamaji ameonyeshwa picha za kamera ya ulinzi zinazoondoa shaka yote juu ya aliyetenda. Hivyo basi swali linalobaki haliwi la nani aliyeua. Swali ni kwa nini, na jibu linatafutwa kwa sehemu kubwa katika maandishi na alama ambazo watoto hawa walikuwa wakitumiana mtandaoni, na katika mafundisho ya chuki dhidi ya wanawake ambayo wavulana huyapata huko.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya tamthilia hii kwa upande wa malezi, sheria na simu za mkononi. Makala haya yana kusudi dogo zaidi. Tunataka kuitazama kwa jicho la isimu, kwa sababu tunaamini kwamba kiini cha msiba unaosimuliwa ni cha kilugha. Tunadai kwamba hatari kuu ya lugha ya chuki haimo katika usiri wa alama zake, kama ilivyodhaniwa na wengi. Hatari imo katika kazi moja ambayo lugha hiyo huifanya vizuri mno: humchukua mtoto mwenye hisia ya kupita, ikampa jina la kudumu.

2.0 Inspekta Mbele ya Maandishi Asiyoyajua

Sehemu ya pili inatokea shuleni, siku tatu baada ya mauaji. Inspekta Luke Bascombe na mwenzake Misha Frank wanatafuta kisu pamoja na sababu ya mauaji. Bascombe amekwisha kusoma maneno ambayo Katie aliyaandika chini ya picha za Jamie katika Instagram, naye amefikia uamuzi kwamba watoto hawa walikuwa marafiki. Ni mwanawe mwenyewe, Adam, anayesoma katika shule hiyo, anayemwita kando na kumweleza kwamba ameyasoma kinyume. Zile imoji, yaani vijipicha vinavyotumiwa pamoja na maandishi, zilikuwa za dhihaka. Kidonge chekundu, baruti, na ile nambari 100 ambayo mtu mzima huiona kuwa ni pongezi, zote zilikuwa zikisema jambo moja: kwamba Jamie ni mwanamume asiyetakiwa na mwanamke yeyote, wala hatatakiwa kamwe.

Kwa mwanaisimu, tukio hili ni somo zuri la uhusiano baina ya kiashiria na kiashiriwa. Alama haina maana ndani yake yenyewe. Maana yake inatokana na mapatano ya jamiilugha inayoitumia, na jamiilugha mbili zaweza kuishi katika nyumba moja, zikala meza moja, na kila moja isijue kuwa nyingine ipo. Bascombe ni hodari wa kuhoji watu. Kazi yake ni kusoma ushahidi. Lakini mbele ya maandishi haya hana tofauti na mtu aliyeshikishwa barua ya hati asiyoijua.

Inafaa kuzingatia pia hali ya yule anayefundisha. Adam anaonewa na wenzake shuleni, na baba yake halijui hilo kwa ukamilifu. Anapomfundisha baba yake maana ya alama, aibu anayojaribu kumwokoa nayo ni ya baba. Mpangilio wa kawaida wa kurithishana lugha, ambapo mkubwa humfundisha mdogo, umepinduliwa. Yamkini hili ndilo jambo lililowashtua wazazi wengi kuliko damu yenyewe.

3.0 Historia Fupi ya Neno Moja

Neno ambalo alama zile zinalidokeza ni lile ambalo kwa matamshi yetu twaweza kuliandika inseli. Katika Kiingereza ni mkato wa maneno mawili yenye maana ya useja usio wa hiari. Historia yake yastahili kuelezwa, kwa kuwa ni mfano wa mabadiliko ya maana ambao mwalimu yeyote wa semantiki angependa kuwa nao, kama usingekuwa wa kusikitisha kiasi hiki.

Neno hili lilianza katika miaka ya 1990 huko Toronto, Kanada. Aliyelianzisha alikuwa mwanamke. Mwaka 1997 alifungua ukurasa katika intaneti kwa ajili ya watu wapweke, wanaume kwa wanawake, waliotamani uhusiano wa mapenzi lakini hawakuupata. Lilikuwa neno la huruma, na lilitaja hali ambayo mtu aweza kuingia na kutoka. Kadiri miaka ilivyopita, maana yake ilibanwa na kuharibika. Kwanza wanawake waliondolewa katika idadi ya waliotajwa nalo. Halafu wakageuzwa kuwa ndio wanaolaumiwa. Tarehe 23 Aprili 2018, katika mji uleule wa Toronto, mtu mmoja aliyekuwa ameandika katika Facebook kuyasifu maasi ya mainseli aliliendesha gari la kukodi juu ya watembea kwa miguu, na watu 11 wakafa. Kwa muda wa miaka 21 neno lililobuniwa kuwakusanya wapweke lilikuwa limekuwa bendera ya wauaji.

Istilahi nyingine za kundi hili zina nasaba za namna hiyo hiyo. Kidonge chekundu kimetoka katika filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, ambamo shujaa anakimeza ili aone ukweli uliofichwa. Ile nambari 100 inadokeza hesabu ya 80 kwa 20, yaani dai kwamba asilimia 80 ya wanawake huwataka asilimia 20 tu ya wanaume. Hesabu hii imeazimwa kutoka kwa kanuni inayobeba jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia aliyefariki mwaka 1923, ambaye alichunguza jinsi mali inavyomilikiwa na watu wachache. Pareto alikuwa akisema juu ya mali. Hakuna sensa ya mapenzi iliyowahi kufanywa na kutoa matokeo hayo. Hata hivyo tarakimu ina nguvu yake katika masikio ya mtoto wa shule, kwa maana amezoea kuzikuta tarakimu katika vitabu vya sayansi. Dai lililovikwa asilimia huonekana kuwa limekwisha kuthibitishwa.

Katika sehemu ya tatu, mwanasaikolojia Briony Ariston anamhoji Jamie, ambaye kwa wakati huo amezuiliwa kwa muda wa miezi saba. Mvulana anakana kuwa yeye ni mmoja wa watu hao. Anasema aliyatazama mambo yao na hakuyapenda. Lakini ile hesabu ya 80 kwa 20, kwake yeye, ni kweli. Hapo waandishi wameona jambo ambalo wahubiri dhidi ya chuki hawalioni mara nyingi. Mtu aweza kuikataa itikadi kwa jina lake na bado akaimeza sarufi yake.

4.0 "Nina" na "Ni"

Hapa tunafika kwenye hoja yetu kuu, na Kiswahili kinatusaidia kuieleza. Katika lugha yetu hisia nyingi hutajwa kwa kuwa na. Husema mtu: nina huzuni, nina hofu, nina hasira, nina upweke, nina haya. Kiambishi -na ni kilekile cha kuandamana. Huzuni ipo pamoja nami, kama mwenzangu wa safari, na twaweza kuachana njiani. Kwa upande mwingine ipo sentensi ya ni: mimi ni mpweke, mimi ni mwoga. Hapo nomino imeingia katika ngeli ya watu, na hisia imepewa miguu. Haimwandamani mtu tena, imekuwa yeye.

Hatudai kwamba sarufi humlazimisha msemaji kufikiri kwa namna fulani. Msemaji wa Kiswahili aweza kujiita mpweke maisha yake yote, na msemaji wa Kiingereza aweza kuuona upweke wake kuwa ni wa kupita. Tunachodai ni kwamba tofauti hii, ambayo sarufi yetu huionyesha waziwazi, ndiyo njia ambayo Jamie aliipita. Mvulana wa miaka 13 aliyemwomba msichana waende pamoja kwenye maonyesho akakataliwa, ana aibu. Ni aibu kubwa, pengine kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata. Lakini ni kitu alicho nacho. Lugha aliyoikuta mtandaoni ilimwambia kwamba hakuwa na aibu. Alikuwa aina fulani ya kiumbe, na aina hiyo ilikuwa na jina, hesabu, na adui.

Mfano wa wazi zaidi umo katika mazungumzo yale yale na Briony. Jamie anasisitiza kwamba yeye hana sura ya kupendeza, kisha anaonekana kungoja Briony amkanushe. Naye, kwa kuwa ndivyo kazi yake inavyomtaka, hamkanushi. Tujaribu kuitafsiri kauli hiyo ya mtoto kwa Kiswahili. Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni mbaya: mimi ni mbaya. Papo hapo mfasiri ananaswa, kwa maana neno hilo hubeba ubaya wa sura na ubaya wa matendo kwa pamoja. Itambidi aongeze mbaya wa sura, ama aseme sina sura nzuri, na kila njia itapunguza kitu. Lakini mtego huu wa tafsiri unafichua ukweli wa mhusika kuliko maneno ya asili. Katika fikira za Jamie maana hizo mbili zimekwisha kuungana. Kwa kuwa ameamini kuwa ni mbaya wa sura, amejipa ruhusa ya kuwa mbaya.

Jambo hilo linaonekana pia katika namna anavyotoa hoja. Anaeleza kwamba alimwendea Katie wakati ambapo picha ya utupu wa msichana huyo ilikuwa imesambazwa na mvulana mwingine, akidhani kwamba kwa kudhalilika kwake angekuwa dhaifu na kumkubali. Baadaye anajisifu kwamba usiku ule angeweza kumshika mwili wake lakini hakufanya hivyo, kwa hiyo yeye ni bora kuliko wengine. Msikilizaji anaganda. Lakini kwa mantiki ya lugha aliyofundishwa kauli hiyo haina kasoro, kwa kuwa katika lugha hiyo wanawake hawana nafsi ya pili. Hawaitwi wewe; ni wao tu, wanaohesabiwa kwa asilimia. Asiyeweza kuwa wewe hawezi kukataa kwa haki. Kukataa kwake huhesabiwa kuwa ni dhuluma.

5.0 Kamera Isiyokatwa na Mazungumzo

Kila sehemu ya tamthilia hii imepigwa kwa mfululizo mmoja, bila kamera kukatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wahakiki wa filamu wamelisifu jambo hili kwa ufundi wake. Kwetu sisi faida yake ni nyingine: mazungumzo yanabaki na uzito wa mazungumzo halisi. Vimya havijafupishwa. Kupokezana zamu, kudakiana maneno na kusitasita vimo vyote.

Katika sehemu ya tatu, ambayo kwa sehemu kubwa ni watu wawili na meza, twaweza kufuata jinsi rejesta ya Jamie inavyobadilika. Mwanzoni ni mtoto mwenye adabu na mzaha, anayefurahia kinywaji cha chokoleti alicholetewa. Swali likimkaribia, sauti hupanda, sentensi hugeuka kuwa amri, naye husimama juu ya mwanamke aliyeketi na kufurahia kuiona hofu yake. Kisha hurudi kuwa mtoto, akaomba radhi. Mwishoni, anapoondolewa chumbani, anapiga kelele akitaka kujua kama Briony anampenda walau kidogo. Amri na ombi zilitoka katika kinywa kimoja, na zilikuwa zikiomba kitu kilekile. Hakuna kamusi ya imoji ambayo ingetuonyesha hilo.

6.0 Juu ya Kuwapa Wazazi Orodha ya Maana

Mara baada ya tamthilia kutolewa, magazeti mengi ya Uingereza yalichapisha orodha za imoji pamoja na maana zake ili wazazi wajifunze. Serikali nayo haikukaa kimya. Tarehe 31 Machi 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer aliwakutanisha watengenezaji wa tamthilia hiyo na wawakilishi wa mashirika ya watoto, na ikatangazwa kwamba shule za sekondari nchini humo zingeweza kuionyesha bila malipo. Katika mwaka huo huo masharti ya kuwalinda watoto chini ya Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023 yalianza kutumika. Australia ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 watoto wenye umri wa chini ya miaka 16 wamezuiwa kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii.

Hatuna haja ya kuzidharau hatua za kisheria. Kampuni zinazopata faida kwa kumwonyesha mtoto kile kinachomkasirisha hazitajirekebisha kwa hiari. Lakini juu ya orodha za maana tuna shaka, na shaka hiyo ni ya kitaaluma. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya leksikografia anajua tabia ya misimu. Msimu huishi kwa kutengana na wasioujua. Siku mzazi anapoutambua, umekwisha kazi yake, na watoto wamekwisha kuhamia kwingine. Wanaoitafiti Sheng ya Nairobi wanalifahamu hili vizuri: orodha ya maneno iliyokusanywa katika mtaa mmoja huwachekesha vijana wa mtaa uleule baada ya miaka michache. Hata kama kila maana aliyoitoa Adam ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa, kufikia siku ilipochapishwa gazetini ilikuwa imeanza kuchakaa.

Upo upungufu mwingine ulio mkubwa zaidi. Orodha humfanya mzazi awe askari wa doria, anayechungulia simu akitafuta neno lililokatazwa. Tamthilia yenyewe inaonyesha kwamba Eddie, baba yake Jamie, hakushindwa kwa kukosa msamiati huo peke yake. Eddie ni fundi wa mabomba, na alipigwa sana na baba yake kwa mkanda. Aliapa kwamba hatawapiga watoto wake, na kiapo hicho alikitimiza. Lakini siku Jamie alipokuwa akicheza mpira vibaya na watu wengine wakimcheka, Eddie alitazama pembeni. Mtoto alimtazama baba yake akaona uso uliogeuzwa. Baba aliyejua kujizuia asipige hakuwa na neno la kusema. Kimya hicho ndicho kilichoachwa wazi, na walio mtandaoni wakakijaza kwa maneno yao.

7.0 Je, Tamthilia Inamlaumu Marehemu?

Ipo hoja moja dhidi ya tamthilia hii ambayo haifai kupuuzwa. Kwa kumfanya Katie kuwa ndiye aliyeandika zile alama za dhihaka, je, waandishi hawakumpa muuaji udhuru? Zaidi ya hayo, Katie mwenyewe hasikiki. Tunamwona katika picha na katika kamera ya ulinzi, na tunayasoma maandishi yake yakifasiriwa na wengine. Misha Frank anaisema kasoro hiyo ndani ya tamthilia yenyewe: kwamba Jamie atakumbukwa na watu wote, na Katie hakuna atakayemkumbuka. Lakini kuitaja kasoro si kuiondoa. Waandishi waliijua wakaiacha.

Juu ya udhuru, hata hivyo, tunaona kwamba mtazamaji makini hawezi kuupata. Katie alikuwa mtoto aliyedhalilishwa kwa picha yake kusambazwa, naye akatumia silaha iliyokuwa imelala karibu. Silaha hiyo hakuibuni yeye. Ilifuliwa na wanaume wazima, kwa ajili ya wanaume, na huuzwa kila siku na watu kama Andrew Tate, ambaye jina lake linatajwa waziwazi katika sehemu ya pili. Hii ndiyo tabia ya majina ya namna hii: yakishatengenezwa hayachagui mkono. Katika sehemu ya nne, miezi 13 baada ya mauaji, vijana wanaandika kwa rangi juu ya gari la Eddie neno la Kiingereza la kuwatukana wanaowanajisi watoto, na hata tahajia yake wanaikosea. Neno hilo halimhusu Eddie wala halimhusu Jamie. Linatafutwa jina baya tu, litakalobandikwa na kubaki. Eddie anahangaika kulisugua, na asipofaulu analimwagia gari lote rangi. Waandishi wametuonyesha mitaani, kwa rangi na bati, jambo lile lile lililotokea mtandaoni.

8.0 Upande Wetu

Kisa hiki ni cha Uingereza, na haifai kukibeba kama kilivyo na kukitua Dar es Salaam au Mombasa. Lakini msomaji wa Kiswahili ana mambo mawili ya kutafakari.

La kwanza linahusu jina la tamthilia. Neno adolescence lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuendelea kukua. Neno letu la karibu ni balehe, lenye asili ya Kiarabu, na maana ya mzizi wake ni kufika. Lugha moja inautaja umri huu kama safari, nyingine kama kituo. Katika mila zetu nyingi mvulana alifikishwa kituoni na wakubwa waliojulikana kwa majina, waliowajibika kwa maneno waliyomfundisha katika jando. Hatusemi kwamba mafundisho yote ya jando yalikuwa mema. Mengine yaliwadharau wanawake bila kuficha. Lakini mwalimu alikuwa na uso, na jamii ingeweza kumwita na kumhoji. Mwalimu wa Jamie hana uso, na malipo yake hutokana na hasira ya mwanafunzi.

La pili linahusu akiba ya maneno tunayowapa wavulana wetu. Mtoto wa kiume akianguka, husikia jikaze kiume. Kiambishi ki- hapa ni cha namna, kwa hiyo uanaume unafasiriwa kuwa namna ya kuvumilia bila kusema. Akilia, huambiwa asilie kama mwanamke, na kwa sentensi hiyo moja amefundishwa mambo mawili: kwamba huzuni yake haina lugha, na kwamba wanawake ni wa kudharauliwa. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Hakuna anayeweza kudai kwamba mauaji hayo yameletwa na intaneti peke yake, wala na methali peke yake. Lakini mvulana aliyekwisha kufundishwa nyumbani kunyamaza ni mwanafunzi aliye tayari kwa yeyote atakayekuja na maneno, ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Kwa sababu hiyo tungewashauri wafasiri na waandishi wa habari wasiwe na pupa ya kulipatia neno inseli kisawe kizuri cha Kiswahili kitakachoingia katika ngeli ya watu na kustawi humo. Si kila neno la kigeni lina haki ya kupewa uraia. Tunapoieleza hali hiyo, tuieleze kwa vitenzi na kwa kuwa na: kijana huyu amekataliwa, kijana huyu ana upweke, kijana huyu amefundishwa chuki. Kauli hizo ni ndefu kuliko jina, lakini kila moja inaacha mlango wazi.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Adolescence ni tamthilia juu ya lugha kabla ya kuwa juu ya simu. Watu wazima ndani yake wanashindwa kusoma alama, na hilo limewashughulisha watazamaji wengi. Kushindwa kulikotangulia kulikuwa kwingine: hapakuwa na mtu aliyempa mvulana njia ya kusema nina aibu mbele ya mtu asiyegeuza uso. Walimu wa lugha tuna sehemu yetu katika kazi hiyo, na si ndogo. Katika darasa la fasihi au la sarufi mwanafunzi aweza kuulizwa swali rahisi juu ya neno lolote analolileta kutoka mtandaoni: nani alilitunga, linamnufaisha nani, na yule anayetajwa nalo amebakiziwa nafasi gani ya kubadilika. Mvulana wa miaka 13 anaweza kulijibu swali hilo. Inapasa aulizwe mapema.